Shangazi, televisheni ya mwaka mzima imekufa wiki ya tano

Shangazi, shikamoo.

Nina saluni ya kike Tabata Kimanga, tunasuka na kuosha nywele, tuko watatu. Televisheni pale ndani ndiyo inayowashikilia wateja. Mtu anayesukwa rasta kwa saa sita huwezi kumwambia atazame ukuta. Ila kifurushi cha king'amuzi kila mwezi kilikuwa kinaniuma, hasa nikikumbuka na luku inavyokula.

Mwezi wa tatu nikaona tangazo Instagram: chaneli zaidi ya 10,000, mpira wa Ulaya, ligi yetu ya hapa, tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa, mwaka mzima Sh60,000. Nikamfuata huyo kaka WhatsApp. Hakuwa na papara hata kidogo. Akaniambia, dada, usilipe kwanza, chukua saa 24 za kujaribu uone mwenyewe. Akanitumia faili la programu. Simu ikaleta onyo kwamba lina hatari, akasema nilizime tu, hao Google wanabania wenzao biashara. Nikalizima, nikaunganisha simu na televisheni. Shangazi, picha ilikuwa kali, haigandi hata sekunde. Kesho yake asubuhi nikatuma 60,000 na ya kutolea. Jina lililotokea ni la mwanamke, akasema ni laini ya mhasibu wao.

Baada ya wiki mbili akaniambia kwa saluni yenye watu vile niwe wakala wake, kila mteja nichukue 10,000 yangu. Nikamtumia picha ya kitambulisho changu cha NIDA anisajili. Nikaleta watu tisa: wateja, majirani, wifi yangu (wifi wa ndoa, si wa intaneti), na baba mwenye nyumba. Huyo wifi yeye alienda kununua kabisa kisanduku cha televisheni Kariakoo ili atazame vizuri.

Wiki ya tano, siku ya mechi ya watani, picha ikaanza kuganda kipindi cha kwanza. Cha pili kioo cheusi. Nilipigiwa simu mpaka nikaizima. Kaka akanijibu usiku: seva imehamishwa, kila laini ya kutazama iongeze 25,000, kwa hiyo laini zetu kumi ni 250,000, na mwisho ni Ijumaa. Pia kuna namba sita zitakuja kwenye simu yangu, nimsomee ili aniunganishe upya. Nimeshakusanya 75,000 kwa watu watatu. Baba mwenye nyumba anasema yake nitamkata kwenye kodi.

Nitume ili niokoe hizi za watu? Na nikienda polisi, si mimi nitakayeshikwa maana mimi ndiye niliyewaleta? Mume wangu anajua ya kwangu tu, ya watu tisa hajui.

Niliyeingizwa Mjini, Tabata


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na zile namba sita, mengine yatasubiri. Hazihusiani na seva wala chaneli. Ni namba ambazo WhatsApp huzituma pale mtu anapotaka kufungua akaunti yako kwenye simu nyingine. Ukimsomea, kabla hujamaliza kusuka mstari mmoja WhatsApp yako itakuwa mkononi mwake, na kila mteja aliyekuhifadhi atapata ujumbe kutoka kwako: mpenzi nimekwama, nisaidie laki, jioni narudisha. Na watatuma, kwa sababu wanakuamini. Huyo kaka ameshaona kwamba unaleta watu tisa kwa kuongea tu. Ahangaike kukuweka uwakala wa nini wakati anaweza kuwa wewe?

Kwa hiyo usimsomee. Kama ulishamsomea kabla ya barua hii kufika, isajili WhatsApp yako upya sasa hivi kwa namba yako, kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uweke uthibitishaji wa hatua mbili. Halafu tazama vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kifaa usichokijua, kitoe.

Hiyo 250,000, usitume hata senti.

Nilikaa miaka saba kwenye kibanda cha miamala Buguruni kabla macho hayajaanza kunisumbua, na nimewaona wanaotuma ya pili. Ya kwanza mtu huituma akicheka, anakutania na chenji. Ya pili anakuja ameng'ata midomo, haongei, anatazama nyuma kama ana mtu anamfuata. Mzee mmoja alituma mara nne asubuhi moja. Kila mara namuuliza, baba, huyu unamfahamu? Ananijibu, wewe fanya kazi yako. Mara ya tano alikuja kuuliza kama naweza kumkopesha. Sikuwahi kumwona mtu ambaye ya pili ilimrudishia ya kwanza. Anayekudai pesa ili akupe ulichokwisha kukilipia ameshajua kwamba unaogopa kupoteza, na anaiuza hiyo hofu yako. Leo anaiita seva, wiki ijayo ataiita leseni.

Sasa nikueleze ulinunua nini, maana naona bado unadhani kuna kampuni mahali fulani yenye mhasibu mwanamke.

Biashara hii ina ngazi. Juu kabisa kuna mtu, aghalabu nje ya nchi, anayeiba mawimbi ya televisheni za watu na kuyarusha kwenye intaneti kupitia mashine zake. Chini yake wapo wauzaji wanaonunua pointi kwa jumla. Kwa kawaida pointi moja ni laini moja kwa mwezi mmoja. Muuzaji anafungua ukurasa wake, anaandika jina lako na neno la siri, anabofya, umeunganishwa. Zile saa 24 za kujaribu hazimgharimu kitu cha maana, ndiyo maana alizitoa kwa moyo mkunjufu na ndiyo maana hakuwa na papara. Wewe uliona ni ukarimu. Jaribio lilikuthibitishia kwamba jana ilikuwa inafanya kazi, na wewe ukalipia miezi kumi na miwili ijayo. Yeye akanunua mwezi mmoja wa laini yako, pengine miwili, iliyobaki akaweka mfukoni. Mwaka aliokuuzia hakuwa nao.

Twende kwenye hesabu, wewe ni mfanyabiashara. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho letu la mpira, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu yetu, kwa shilingi bilioni 225.6. Gawa kwa kumi, ni bilioni 22 na milioni 560 kwa mwaka, kwa ligi moja tu ya hapa nyumbani. Ukiwa unauza kwa Sh60,000 kwa mwaka, unahitaji wateja 376,000 wanaolipa wote ili urudishe hiyo haki peke yake, kabla hujalipa kamera moja, mtangazaji, wala dereva wa gari la matangazo. Halafu yule kaka anakuambia kwa bei hiyohiyo ana na England, na Hispania, na Waturuki, na chaneli 10,000. Elfu kumi! Ukitazama kila moja kwa dakika moja bila kulala, utakula karibu wiki nzima kuzimaliza.

Na kwa nini ilikufa siku ya watani? Kwa sababu siku hiyo kila aliyelipia aliwasha kwa wakati mmoja, na mashine ya wizi haijengwi kubeba watu wote. Pia siku ya mechi kubwa ndiyo wenye haki huwa macho kusaka na kufunga mawimbi yaliyoibwa. Yanayojiri huko juu wewe wa Kimanga huwezi kuyajua. Novemba 2024 polisi wa Italia, wakishirikiana na wenzao wa Ulaya, waliuvunja mtandao mmoja wa namna hii uliokuwa ukihudumia watazamaji zaidi ya milioni 22. Fikiria waliokuwa wamelipia mwaka mzima wiki moja kabla. Wangemdai nani?

Nisiwe mwongo: wapo wauzaji wa hii kitu ambao laini zao zinadumu miezi, na ikizima wanakurekebishia. Utasikia jirani anasema, mbona yangu inaonyesha tangu mwaka jana? Hewala. Lakini hata huyo anauza mali isiyo yake, na yeye mwenyewe akikatwa na wa juu hana pa kulalamika. Huwezi kwenda kudai risiti ya kitu cha wizi. Wa kwako tena ni wa daraja la chini, maana pamoja na kuuza wizi anawaibia wateja wake.

Simu yako sasa. Hapa ndipo ninapoogopa kuliko hizo pesa zilizokwenda. Ile programu hukuitoa Play Store, uliipokea WhatsApp kama vitumbua, na ukazima onyo kwa mkono wako. Simu hiyohiyo ndiyo yenye pesa zako za saluni. Ingia kwenye mipangilio, tafuta programu hiyo, utazame ilipewa ruhusa gani. Programu ya kutazama mpira haina kazi na meseji zako wala majina ya watu wako. Ukikuta imepewa ruhusa ya kusoma meseji, au imewashwa kwenye huduma za ufikivu, ambako programu huweza kuona kioo chako na kubofya badala yako, usijadiliane nayo. Hamisha picha zako za mitindo, irudishe simu ilivyotoka kiwandani. Kisha badilisha namba ya siri ya pesa na neno la siri la barua pepe. Hata usipokuta kitu kibaya, ifute.

Kile kisanduku cha wifi yako nacho nisikipite. Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya juu ya visanduku vya bei chee vya Android ambavyo vingine vinatoka kiwandani vikiwa na programu ya wahalifu ndani, na vingine vinaambukizwa wakati mtu anaweka hizo programu za kutazama bure. Wanaita BADBOX 2.0. Mwezi uliofuata Google ikafungua kesi mahakamani ikisema vifaa vilivyoathirika vimepita milioni 10. Kisanduku kinaonyesha sinema kama kawaida, huku nyuma wahalifu wanapitishia mambo yao kwenye intaneti ya nyumba yako. Sisemi cha wifi yako ni hicho. Aingie Play Store ya kisanduku chake, kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu, asome kama kifaa kimeidhinishwa. Kama hakijaidhinishwa, au hakina Play Store yenyewe bali duka la jina la ajabu, akichomoe kwenye intaneti. Bando lake nalo litapona.

Kuhusu pesa iliyokwenda. Ulituma 60,000 yako na 450,000 za wale tisa, jumla 510,000, nje ya za kutolea. Nisikudanganye: pesa ya wiki tatu zilizopita imeshatolewa, imeshanywewa. Piga 100 kwenye mtandao uliotumia, eleza kwamba ni utapeli, wape namba za muamala zote. Kama kuna chochote bado kimelala kwenye ile laini huweza kuzuiwa, na hata kama hakuna, taarifa yako inabaki. Namba zake ziripoti kwenda 15040, hiyo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waliiweka kwa ajili ya matapeli, walewale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Na kwa kuwa ulimpa picha ya NIDA, piga *106# utazame laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao huo uikane rasmi. Usisubiri ianze kutapeli watu kwa jina lako.

Lile jina la mwanamke lililotokea kabla hujaweka namba ya siri lilikuwa nafasi yako ya mwisho, mwanangu. Unaongea na mwanaume, laini inaleta jina la mwanamke asiyejulikana, na wewe ukakubali hadithi ya mhasibu. Pale kibandani nilikuwa nawasomea watu jina kwa sauti mara mbili. Na wasomaji wengine msijidanganye na Lipa Namba, kwamba mwenye nayo ni kampuni. Muuza chipsi wa mtaani anayo, na tapeli naye anaweza kuwa nayo. Kampuni ya kweli ya televisheni ina namba yake ya malipo iliyoandikwa kwenye tovuti yake na dukani kwake, unaingiza namba ya king'amuzi, na kisipofunguka unajua mlango wa kwenda kugombana.

Na kuna kundi lingine litakufuata. Ukiandika popote kwamba umetapeliwa, atatokea mtu akidai yeye ni mtaalamu wa kurudisha pesa, alimrudishia dada yake mwenyewe, tuma 30,000 ya kuanzia. Huyo ni binamu wa yule wa kwanza. Wengine ni yeye mwenyewe kwa laini nyingine.

Polisi nenda. Mimi si mwanasheria, nitasema ninachojua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu unaofanyika kwa kompyuta na simu kuwa kosa, na wewe ni uliyedanganywa. Lakini pia ulichukua 10,000 kwa kila kichwa, 90,000 jumla, na usipoisema wewe ataisema mmoja wa wale tisa. Iseme mwenyewe, mapema. Chukua picha za mazungumzo yote kabla hajayafuta, na ujumbe wa kila muamala, uchapishe pale kwa mtu wa steshenari. Ukipewa RB, ile namba ya taarifa yako polisi, itunze, maana mtandao wa simu ukihitaji kutoa taarifa za mwenye laini utaombwa na polisi, si na wewe. Ikiwa unaogopa kwenda peke yako, mwambie mume wako usiku huu, mwende wote. Ataongea, ndiyo. Aongee. Bora akusikie wewe kuliko amsikie dada yake, maana huyo wifi hatanyamaza milele.

Televisheni ya saluni usiiache nyeusi kwa hasira. Rudi kwenye king'amuzi, lipia kifurushi kidogo cha mwezi, na waulize kuhusu kifurushi cha biashara, kwa sababu cha nyumbani kimeandikwa kwa ajili ya sebule. Miezi ikiwa migumu, TBC1 inatosha na YouTube ina tamthilia na mahojiano ambayo wenyewe wameyaweka kihalali. Wateja wako wanakuja kwa ajili ya vidole vyako. Ile ya mpira nilidhani hata haiwahusu, mpaka nikakumbuka mabinti wa siku hizi wanavyogombana kwa ajili ya Yanga.

Nimeliacha la watu mwisho kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi. Ile 75,000 uliyokusanya kwa watatu irudishe leo, yote, kabla hujala. Ile 90,000 yako nayo ni ya kurudisha, 10,000 kwa kila mmoja, hata kama ni kwa kusukia watu nywele bure hadi iishe. Zile 50,000 za kila mtu zilizokwenda kwa tapeli, sikwambii uzibebe zote. Wao pia ni watu wazima walioona bei wakafurahi. Lakini usijifiche. Waandikie hivi, kwa maneno yako: nimetapeliwa na nimewaingiza na nyinyi, msitume tena kitu kwa namba hizi, futeni ile programu, nimeripoti, kamisheni niliyochukua narudisha. Watumie wote kwa wakati mmoja, asije mmoja akasikia kwa mwenzake.

Baba mwenye nyumba yeye usimtumie meseji. Mwendee kwa miguu asubuhi, kabla hajatoka, na 10,000 yake mkononi. Na hilo la kumkata kwenye kodi ulikatae palepale kwa upole, kodi iwe kodi. Ukikubali likatwe mwezi huu, mwezi ujao atakuta deni la televisheni limezaa, na wewe huna mkataba wowote wa kumwonyesha.